Dereva wa Inchi ya Chini

Hapana, niko peke yangu mu nyumba. Ile sauti ine yenye munasikiaka mukipita ku mulango, yote ni yangu. Hakuna mugeni, hakuna mupangaji, na sina wazimu, ata kama jirani wa juu, ule mama wa chorale ya kanisa, anasemaka vingine. Mumusikilize, anasemeaka mu pua: «Tumuombeeee, batu ya Mungu, ule mama anazungumuzaka na batu benye sisi hatubaone.» Aniombee tu, maombi haikatazwake. Lakini ajue kama sauti yake vilevile iko mu muchezo yangu. Njo ninatumikishaka kwa mbuzi.

Ninachezaka ludo. Ludo ni ya batu ine na mimi niko mumoja, sasa munataka nifanye namna gani? Ningojee batoto? Wa kwanza iko Lubumbashi, wa pili iko Kampala. Siku ya fête, sikukuu tu, bananipigia: «Maman, uko bien? Unakula? Bon, Maman, unité iko inakwisha.» Bote babili sauti moja, utasema balienda kuisomea. Basi nikaweka meza ku dirisha, fasi yenye kunaonekana njia ya kushuka soko ya Kadutu, nikatandika ludo juu, na nikajikalisha mara ine. Nyekundu ni Dereva. Ya majani ni Kiboko. Ya njano ni Mbuzi. Bleu ni mwanamuke mumoja mwenye anapenda safari.

Kila mumoja iko na sauti yake. Kiboko anasemaka sawa vile basoda benye banafunga njia ku barrière, tumbo mbele: «Maman, document iko wapi? Eza complet te, haijatimia!» Mbuzi nimekwisha kubaambia. Mwanamuke wa bleu ni mimi, lakini mimi wa zamani, wakati meno yangu ilikuwa yote. Na Dereva iko na sauti ya mume yangu, mwenye alikufa.

Mwenye anaandika hii maneno ni jirani wa chini, maman mumoja mwenye alifundishaka primaire miaka mingi, sasa iko pensionnée, alipumuzika kazi. Mimi mu kalasi sikuingiaka. Papa yangu alikuwa anasema, ndevu ikimucheza: «Musichana asome? Na ng'ombe, atachunga na kalamu?» Ng'ombe ilichungwa, ikauzwa, ikaliwa, na mimi nikabakia bila ng'ombe na bila kalamu. Sasa Maman mwalimu alikuwa anakuya siku ya yenga, ile ya kusali, na siku ya ine, kisha chakula ya muchana, na cahier yake ya kuandika. Mimi natupa dé, kale kajiwe ka matundu, batu yangu banasema, yeye anaandika. Tulijaza cahier tatu. Kitabu yetu ilikuwa inaitwa Inchi ya Chini.

Mimi sikuwa nachagua kitu. Dé njo ilikuwa inachagua. Sheria ya ludo munaijua: bila sita, hautoke mu nyumba. Na mu hadisi ilikuwa vile. Dereva anavaa kofia, anaweka maji mu lori, anasema kwaheri, natupa: mbili. Anavua kofia. Anakaa. Kesho anavaa tena, anasema kwaheri, natupa: tatu. Kuna wakati alibakia ku mulango majuma mbili nzima, kwaheri juu ya kwaheri, mupaka Maman mwalimu akakasirika. Yeye akikasirika anasema Kiswahili ya kitabu, midomo imekazwa sawa vile anafunga bouton: «Lakini, mama, geuza tu hilo dé kwa mkono. Nani atajua?»

Nikamujibu: «Dereva atajua.»

Akaandika na ile. Anaandikaka yote, ata nikikohoa.

Inchi ya Chini iko wapi? Iko chini. Unatoka hapa Bukavu, unapanda, kisha unashuka mulima Ngomo na njia ya kugeukageuka mupaka masikio inaziba, unakuta Kamanyola, unakuta Luvungi, unakuta Sange, ile tambarare yote ya Ruzizi. Mimi sijafikaka. Niko na miaka makumi saba na kitu, ni safari ya siku moja tu, na sijafikaka. Mume yangu alipitaka kule na lori miaka makumi mbili na sita. Nilikuwa na saki yangu tayari ku kitanda chini, kitenge mupya, sabuni, kitambaa ya kufunga masikio. Kila kiangazi ninamuuliza, na yeye anavua viatu, anaangalia viatu, anasema: «Mm. Mama batoto. Njia ikauke kwanza.»

Njia ilikauka, ikaloana, ikakauka. Mimi nikakaa Kadutu na nikaanza kujitengenezea ile inchi na kichwa yangu.

Kule Luvungi, jua iko kali mupaka batu banakunja kivuli yabo sawa vile kitenge, banabeba ku kichwa, na ikifika saa sita banaikunjua, banakaa ndani. Kule Sange nyumba ziko na miguu. Muchana zinatembea kutafuta muti, na ukirudi ku shamba inabidi uulize: «Nyumba yangu ilipita huku?» Na ule muto, Ruzizi, ni mwanamuke wa nywele murefu mwenye anachanuliwaka na Kiboko, na siku yenye hataki kuchanuliwa, lori haipite.

Siku moja ku soko nikakuta mama mwenye analeta muchele kutoka Luvungi. Nikamuuliza polepole, adabu yote: «Mama, kwenu kivuli munabebaka ku kichwa ao ku mabega?» Akaniangalia. Ana sauti ya chuma, ule mama: «Kivuli gani, Maman? Utanunua muchele ao uko unanizuilia batu?» Nikanunua. Sikukasirika. Yeye anakaa kule, hawezi kuona.

Na musiseme sisomake. Ninasomaka. Ku Kadutu kuna fasi bitabu inafikaka mu baloti ya mitumba, pamoja na viatu na sidiria ya bazungu. Ninachagua kwa picha. Nilipataka moja yenye iko na mulima, nyumba kubwa juu, ng'ombe nyeupe chini na kengele mu shingo. Nikakaa nayo miezi. Kila asubui nafungua, nasoma: mufalme wa ile nyumba alipotezaka usingizi, na ng'ombe banalala mu fasi yake, kila moja anamulalia saa moja. Nililia mu fasi mbili. Kisha nikamuonesha Maman mwalimu. Akavaa miwani, akafungua, akafunga, akaniangalia kwa huruma sawa vile anaangaliaka mutoto wa zéro.

«Maman. Kitabu iko ya kutengeneza fromage, maziwa ya kugandisha.»

«Basi,» nikamuambia, «njo sababu mufalme halale. Alikula fromage mingi.»

Alicheka mupaka miwani ikaanguka. Mimi vilevile nilicheka. Kisha akaenda kwake, bajukuu yake bakamupokea ku mulango, nikabasikia bote, na mimi nikafungua tena kitabu ya fromage, nikasoma fasi yenye nilikuwa nimefika.

Sasa niseme juu ya sauti.

Mume yangu alikufa na tumbo, hapa mu nyumba. Picha yake iko ku ukuta, lakini ile ni picha ya carte ya kitambulisho, alikuwa anaogopa photographe, haifanane naye. Shati yake, batoto balibeba. Kofia, ndugu yake alibeba. Telefone yake ilikuwa ya zamani, ya taa tu, haikuwa inachunga sauti ya mutu. Kwa hiyo sauti ilibakia kwangu, hapa, mu shingo. Siku ya kutoa kilio, kumaliza matanga, batu bakakula, bakakunywa, shemeji akaniambia: «Weye mwenye unaigaka kila mutu, tufanyie yeye kidogo.» Mama ya chorale akasema sauti ya mufu haichezewake. Nikasimama. Nikasema tu: «Mm. Mama batoto. Mulango.»

Nyumba yote ikapiga kelele. Bamoja balicheka, bamoja balilia. Na convoyeur yake, kijana wa kumusaidia mu lori, mwenye alikaa naye mu cabine ile miaka yote, alikuwa amekaa nyuma kabisa na sahani ya bugali: aliruka, akasimama wima, akasema «Oui, patron!» mbele ya batu bote. Sahani ikaanguka. Bakamuchekelea mupaka leo.

Njo ile siku nilijua kama niko naye. Sahihi. Wengine bajane baliachiwa nyumba, baliachiwa shamba. Mimi niliachiwa ile. Na ikipotea kwangu, imekwisha, hakuna fasi ingine nitaenda kuiuliza.

Ikapita miaka kumi, na zaidi. Kila siku nilimusemesha, ku ludo, ku jikoni, ku dirisha. Mu kitabu alikuwa anasema mingi. Lazima aseme, ni yeye mwenye anaendesha hadisi. Anaeleza mulima, anaomba muto upishe lori, anamufundisha mwanamuke wa bleu majina ya upepo zote. Maman mwalimu alikuwa anamupenda kuliko bote. «Huyu baba alikuwa msemaji!» anasema, kalamu inakimbia.

Nikisema ukweli, hakuwa musemaji. Alikuwa anarudi, anavua viatu, analala. Maneno ya njia nilikuwa ninamutoa moja moja, sawa vile unavuta mbuzi mwenye hataki mvua. «Uliona nini?» «Njia.» «Na kando ya njia?» «Mm. Batu.» Kwa hiyo pale yeye alisema moja, mimi nikaongeza kumi. Sikuona ubaya. Ni vile unaongezaka maji mu supu wageni bakiwa mingi.

Siku moja ya ine, mvua inapiga mabati, nikatupa: sita. Nikatupa tena: sita. Dereva akatoka, akafika ku muto, akaanza kuusemesha. Alisema vizuri, mupaka Maman mwalimu akaacha kuandika, akasikiliza tu. Na mimi katikati ya maneno nikasikia kitu kigeni mu ile sauti. Nikaweka dé chini.

«Endelea,» Maman mwalimu akasema.

Nikasema nimechoka. Akaenda. Nikafunga mulango, nikasimama katikati ya nyumba, nikasema: «Mm. Mama batoto.» Ikatoka sauti ya padri wetu wa zamani. Nikajaribu tena. Ikatoka ya papa yangu, na ndevu yote. Nikajaribu mara ya tatu na ikatoka kitu kizuri, ya chini, ya tumbo, lakini sikujua kama ni yake, ao ni ya Dereva wa kitabu mwenye nilimulea mwenyewe kwa miaka kumi. Ni vile unanusa nguo ya mutu kila siku, mupaka siku moja haujue tena ni harufu yake ao ni pua yako.

Nikauliza nani sasa? Maman mwalimu alikuya kukaa hapa kisha mume yangu kufa, hakumusikiaka. Shemeji amekufa. Nikamupigia musichana yangu wa Lubumbashi, haikuwa fête, akashituka: «Maman, kuna nini? Nani amekufa?»

«Hakuna mutu. Usikate. Sikiliza.»

Nikamufanyia papa yake. Niliweka moyo yote. Kisha nikangojea.

«Allô? Maman? Réseau iko inakatakata. Ulisema nini?»

Réseau ilikuwa muzuri. Nilikuwa nasikia mupaka chungu yake ikichemuka. Nikamuambia haiko kitu, nilikuwa nasalimia. Akasema: «Bon, Maman. Kula, ee?»

Akabakia mutu mumoja mu dunia: convoyeur. Nilisikia alirudi kwabo Sange, analima muhogo. Nikaenda ku soko kwa ule mama wa muchele, nikamuomba apeleke neno kule chini. «Umuambie Maman patron anamuita.» Akaniuliza na ile sauti ya chuma: «Ni juu ya kivuli tena?» Nikamuambia ndiyo, ni juu ya kivuli.

Nilingojea karibu miezi mbili. Njia ilikuwa inafungwa, inafunguliwa. Ludo niliweka ku kabati. Maman mwalimu alikuya mara mbili na cahier mupya, ya ine, mara mbili nikamurudisha. «Dereva iko wapi?» ananiuliza. «Iko kwa garage,» namujibu. Hakucheka sana. Kadutu siku zile ilikuwa na kelele yake yote, moto, zile pikipiki, zinapanda, bamama banashuka na bitunga, na ndani mwangu kulikuwa kimya, maana nilikuwa naogopa kufungua kinywa, nisizidi kuiharibu. Ata Mbuzi nilimunyamazisha. Mama ya chorale akapita ku mulango, akasimama, akasema peke yake: «Aleluya, maombi imefika.»

Kisha akakuya. Saa tisa ya muchana, mulangoni, mwanaume wa nywele nyeupe na saki ya muhogo ku bega. Sikumujua mupaka alipotoa kofia.

«Maman patron.»

«Weye! Nani alikupaka unga ku kichwa?»

«Ni miaka, Maman.»

«Na meno? Nayo ni miaka?»

«Ile ni ujanja ya chauffeur mwingine, alifunga breki bila kunionya.»

Tukacheka. Nikamukalisha ku dirisha, nikamupa bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza ya kukaanga yenye nilichagua asubui samaki moja moja. Alikula vizuri. Aliniuliza batoto, nikamuambia balipiga simu. Nilimuuliza Sange, akasema iko pale. Nikamuuliza kama nyumba inatembeaka, akaniangalia, akasema: «Upepo ikiwa kali, mabati inatembea.» Nikaona huyu alikaa na mume yangu kweli.

Kisha chakula nikaanza kumufanyia batu, polepole, sawa vile unapima maji na mukono. Nikamufanyia musoda ya barrière. Akagonga meza: «Ule wa Kamanyola! Ule wa Kamanyola sawasawa, alitukamatiaka ndizi!» Nikamufanyia mama wa muchele, akaziba kinywa. Nikamufanyia shemeji, mwenye alikufa tangu miaka tano, na machozi ikamutoka, anasema: «Njo yeye, njo yeye, wee Maman, utaniua.» Nikamufanyia yeye mwenyewe wakati alikuwa kijana, anaita bavoyageurs: «Uvira-Uvira-Uvira, fasi moja ya mwisho!» na lori iko tupu. Alicheka mupaka akashika ukuta. Nikajua shingo yangu haijakufa. Moyo ikarudi fasi yake. Maman mwalimu alikuwa amekuya, amekaa ku kona na cahier ya ine, kalamu tayari, anacheka bila kuelewa.

Nikamuambia: «Sasa funga macho.»

Akafunga.

Nikasimama. Nilikunywa maji kwanza. Nikasema vile Dereva anasemaka akifika ku muto, yote, na pole yake, na ile mm ya mwanzo, na kimya ya katikati, na vile alikuwa anavuta neno la mwisho akiwa na usingizi. Nikamuita yeye convoyeur na jina yenye mume yangu alikuwa anamuita mu cabine, yenye mimi nilisikiaka mara mbili tu. Nikamutuma aangalie pneu ya lori. Nikamuambia njia imekauka. Sikusemaka vizuri vile tangu nizaliwe. Maman mwalimu alikuwa ameshika kifua.

Nikamaliza. Alikuwa bado amefunga macho. Nje moto moja ikapanda, ikapita, ikaisha. Nikangojea aruke, asimame. Alibakia amekaa, mukono juu ya magoti, anatega sikio, sawa mutu mwenye bado anangojea kitu ianze.

Nikamuuliza: «Unamusikia?»

Akafungua macho, akaniangalia vizuri, bila ubaya.

«Maman, huyu mutu simujui.»